Shajara ya Mradi: Kumtafsiri Lady Bruton kwa Kiswahili

9 Februari 2024: Kazi yenyewe

Leo nimeanza kutafsiri kurasa zinazomhusu Lady Bruton katika riwaya ya Virginia Woolf, *Mrs Dalloway*, iliyotolewa London mwezi Mei 1925 na Hogarth Press, shirika la uchapaji ambalo Woolf alilianzisha pamoja na mumewe Leonard. Sikusudii kutafsiri riwaya nzima. Nimechukua chakula cha mchana anachowaandalia wanaume wawili, Richard Dalloway na Hugh Whitbread, nyumbani kwake Brook Street, katika mtaa wa kitajiri wa Mayfair, pamoja na vipande viwili vifupi: kimoja cha asubuhi, Clarissa Dalloway anapokuta katika kidaftari cha simu kwamba mumewe Richard amealikwa huko na yeye hakualikwa, na kimoja cha usiku, Lady Bruton anapohudhuria sherehe ya Clarissa. Yote hayo hutokea katika siku moja ya Juni 1923.

Wengi wanaoisoma riwaya hii humkumbuka Clarissa mwenyewe, au Septimus Warren Smith, askari aliyerudi vitani akiwa na jeraha la akili. Lady Bruton hupitwa haraka, kwa kuwa ni mwanamke wa tabaka la juu aliyewekwa pembeni mwa kisa, mwenye mababu majenerali na mpango mmoja mkubwa kichwani: kuwapeleka Kanada vijana wa kike na wa kiume wa familia zenye heshima, wakaanze maisha huko. Mimi nimemchagua kwa sababu ya ufundi. Ndani ya chumba chake mchana ule mna watu wanne, ukimhesabu katibu wake Milly Brush, na masimulizi yanatoka katika akili ya mmoja na kuingia katika akili ya mwingine bila kupiga hodi. Anayeweza kukipitisha chumba hicho katika Kiswahili bila kumwaga kitu ataiweza riwaya yote.

Kwa wanaotaka kuiga kazi hii: Woolf alifariki mwaka 1941, hakimiliki yake nchini Uingereza ilikwisha mwishoni mwa 2011, na nchini Marekani riwaya hii imekuwa mali ya umma tangu tarehe 1 Januari 2021. Sikulipia haki yoyote. Nakala ya mtumba imenigharimu shilingi 15,000, na daftari mbili pamoja na kalamu shilingi 6,000.

25 Februari 2024: Rasimu ya kwanza, na kosa la -ka-

Rasimu ya kwanza imechukua wiki mbili, saa moja na nusu kila alfajiri. Jana niliisoma kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikatambua kwamba nimeandika hadithi ya kusimuliwa jioni. Hugh Whitbread akaingia, akatoa maua, Lady Bruton akayapokea, akatabasamu, wakaketi, wakala. Kiambishi -ka- ndicho farasi wa msimulizi wa Kiswahili, kinambeba msikilizaji kutoka tukio hadi tukio, na mkono wangu ulikiandika bila kuniuliza.

Tatizo ni kwamba katika kurasa hizi matukio ni machache mno. Watu wanakula, kahawa inaletwa, barua inaandikwa, wanaume wanaondoka. Kinachozijaza kurasa ni yale yanayopita vichwani huku vijiko vikienda: Lady Bruton akimwona Hugh anakula polepole na kunenepa, Richard akijiuliza mama huyu ni kitukuu wa jenerali yule aliye kwenye picha au ni kilembwe, huku akiyapanga majina ya mababu, Sir Roderick, Sir Miles, Sir Talbot. Mawazo ya namna hii hayafuatani kama shanga, huja kwa pamoja na kukaa kwa pamoja, na -ka- inapoyapanga mstari mmoja inayaharibu.

Nimezungushia duara jekundu kila -ka- ya masimulizi. Zilikuwa 146. Nyingi nimezibadilisha kuwa -ki-, ambayo huonyesha jambo likiendelea ndani ya jambo jingine. Nyingine nimezifanya sentensi zisizo na kitenzi, kwa mfano pale macho yanapotembea juu ya meza iliyopangwa vyombo vya fedha, bilauri na visahani vya matunda mekundu. Nimejiwekea sharti gumu, ambalo nalitaja hapa ili nisije kulisahau: hakuna -ka- ya masimulizi katika ukurasa wowote wa chakula hadi nitakapoona kwamba bila hiyo sentensi haisimami.

10 Machi 2024: Huyu ni nani?

Sehemu iliyonitesa kuliko zote ni fupi. Kila Hugh anapokuja, humuulizia Milly Brush habari za kaka yake aliye Afrika Kusini, na swali hilo humkera katibu huyo kiasi kwamba hujibu kuwa kaka anaendelea vizuri sana huko, ilhali kwa miaka kadhaa sasa kaka huyo yuko Portsmouth, hapo hapo Uingereza, na mambo yake ni mabaya. Mimi niliandika kwamba alimjibu kuwa anaendelea vizuri Afrika Kusini, ingawa kwa miaka kadhaa alikuwa akihangaika Portsmouth. Nilipompa mwalimu mwenzangu aisome, aliniuliza kwa nini Hugh, mtu mwenye nguo nzuri namna ile na kazi katika jumba la mfalme, alihangaika Portsmouth.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kiingereza kina neno moja la mwanamume na jingine la mwanamke, na Woolf huitegemea tofauti hiyo kila anaporuka kutoka akili moja hadi nyingine. Kiswahili kinasema a- kwa wote. Kwa kawaida huo ni utajiri, na sioni haja ya kuulilia, lakini katika chumba chenye wanawake wawili na wanaume wawili wanaowazana kimyakimya, a- moja haitoshi.

Nimejaribu njia tatu zilizoshindwa. Kurudia majina kumezifanya sentensi kuwa nzito, hasa kwa kuwa Millicent Bruton na Milly Brush wanakaribiana kwa jina hadi herufi za mwanzo, M na B, na Milly ni kifupisho cha Millicent; naamini Woolf alikusudia tajiri na katibu wake wagongane hivyo. Kutumia "huyu" na "yule" kunafaa watu wawili, na hakufai wanne. Kusema "mwanamke huyo" na "mwanamume yule" kumeleta harufu ya taarifa ya polisi.

Njia iliyofaa nimeipata kwa kuangalia vitu. Hugh ana kalamu yake ya wino ya fedha, iliyomtumikia miaka 20, ambayo watengenezaji wenyewe walimhakikishia kwamba hakuna sababu ya kuchakaa. Lady Bruton ameshika maua. Nimeziacha sentensi ziongozwe na vitu hivyo badala ya watu: kalamu *i*naendelea, maua *ya*mekaa wima, mkono *u*nasita. Hapo ngeli za Kiswahili zinafanya kazi ambayo Kiingereza hakiiwezi, kwa kuwa i-, ya- na u- zinajitenga kwa sauti, na msomaji anajua yuko kwa nani bila kutajiwa jina. Habari ya Portsmouth nimeitengeneza kwa kumfanya kaka awe ndiye kiini cha sentensi tangu mwanzo, na Hugh nimemwondoa kabla Portsmouth haijatajwa. Maneno 37 yamechukua alfajiri nne.

17 Machi 2024: Vitu vidogo vilivyokwisha haraka

Cheo cha Lady nimekiacha kama sehemu ya jina. "Bibi Bruton" ingemfanya ajuza au mke wa mtu yeyote, na Clarissa, ambaye ni "Bi Dalloway", angeonekana wa daraja moja naye, wakati uchungu wote wa asubuhi unatokana na tofauti iliyopo kati yao. Kasia nililiandika kwanza "kafi", pale Clarissa anapotetemeka kama mmea wa chini ya mto unaoguswa na mpigo wa chombo kinachopita. Nimesahihisha, kwa sababu kafi ni la mtumbwi na hushikwa kwa mikono miwili bila kufungwa mahali, na mtikisiko wake majini si ule wa kasia. Samaki aliyefunikwa kwa mchuzi wa krimu ya kahawia ni wa jamii ya samaki bapa, na gayogayo anamfaa. Wale wanawake wenye aprini na kofia nyeupe wanaopita kimya milangoni sikuwaita vijakazi, kwa kuwa neno hilo limebeba utumwa wa pwani yetu, nimewaita watumishi.

Saa imechukua muda kidogo zaidi. Karamu za Mayfair zinafanywa kati ya saa saba na nusu na saa nane mchana kwa hesabu yetu, na kabla tu ya chakula saa ya dukani katika Oxford Street inaitangaza nusu saa hiyo kwa sauti ya upole. Uso wa saa unaonyesha 1 na nusu, na msomaji wa Kiswahili anasoma saba na nusu bila kushtuka, kwa kuwa ndivyo anavyoishi kila siku. Kanuni yangu: saa hutajwa kwa Kiswahili, na mapigo ya kengele hayahesabiwi.

24 Machi 2024: Karafuu

Maua anayoyaleta Hugh ni karnesheni. Sikupenda neno hilo, kwa hiyo nilitafuta la kwetu, nikafika kwenye Kiarabu, ambako neno *qaranful* hutaja ua hili na hutaja pia karafuu, kwa sababu ya harufu zao zinazofanana. Nilifurahi sana. Niliandika kwamba Hugh alileta "maua ya karafuu", nikaona nimefunga Mayfair na Pemba kwa neno moja la haki.

Msomaji wangu wa Unguja, mama aliyekulia katika shamba la mikarafuu, aliirudisha karatasi na swali moja: maua hayo yameanikwa au bado mabichi? Kwake ua la karafuu ni zao la biashara. Huchumwa likiwa halijachanua, huanikwa juani, hupimwa kwa kilo, na mtu anayempelekea mwenyeji wake kishada chake amempelekea mzigo. Neno langu lilikuwa sahihi katika kamusi na halikufaa mezani. Nimerudi kwa "karnesheni", na mara ya kwanza nimeongeza harufu yake, ili msomaji aijue kwa pua kabla ya jina.

Hasara hiyo imenipa faida mahali pengine, kwa kuwa imenifanya niyafuate maua hayo ukurasa kwa ukurasa. Kwanza Lady Bruton anayashika kwa ukakamavu, kama jenerali aliye kwenye picha nyuma yake anavyoshika karatasi yake iliyoviringwa. Baadaye barua ikishaandikwa, mama huyu ambaye ni nadra kufanya jambo la madaha anayachukua yote kwa pamoja na kuyatia kifuani mwa gauni lake, huku akimwita Hugh Waziri Mkuu wake. Katika rasimu ya kwanza niliandika "akayapachika", neno zuri la mwanamke anayejipamba, na ndilo kosa lenyewe. Sasa *anayasokomeza*. Kusokomeza ni kuingiza kitu kwa nguvu mahali penye nafasi ndogo, kama nguo katika begi lililokwisha kujaa, na furaha ya ghafla ya mtu asiyezoea kuonyesha furaha inakaa yote ndani ya kitenzi hicho.

7 Aprili 2024: Uhamiaji, uhamaji, uhamishaji

Mpango wa Lady Bruton una jina moja katika Kiingereza, na kwetu una mengi yanayokaribia. Nilianza na "uhamiaji". Ndugu yangu anayeishi Toronto, niliyemtumia ukurasa huo kwa sababu ya Kanada, alisema kwamba alipoliona neno aliona dirisha la ofisi na foleni ya watu walioshika pasipoti. Ni kweli: uhamiaji kwetu ni idara ya serikali, na kuhamia ni kuingia mahali, ilhali vijana hawa wanatolewa. "Uhamaji" ni wa mtu anayeondoka kwa hiari yake. "Hijra" ina historia yake takatifu, nayo sikuigusa.

Jibu lilikuwa katika sarufi ya Woolf mwenyewe. Anaandika juu ya mpango wa *kuwahama* vijana, kama tungeweza kusema hivyo. Kitenzi ambacho kwa kawaida hakina mtendwa amekipa mtendwa, na kwa Kiingereza kinasikika kigeni kidogo. Kiswahili kina kiambishi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, -ish-. Lady Bruton hahami, wala vijana hawahami. Lady Bruton *anahamisha*. Kwa hiyo ni mpango wa uhamishaji. Najua kwamba msomaji wa Tanzania mwenye umri wa kutosha atasikia katika neno hilo Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, na nimeamua asikie, kwa sababu Woolf anataka tuuone uhakika wa mtu anayewapangia wengine mahali pa kuishi akiwa kwenye kiti chake.

Mpango huo hakuubuni hewani. Mwaka 1922 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kugharimia safari na makazi ya raia wake katika nchi za dola kama Kanada na Australia, na miaka mitatu kabla ya hapo, 1919, wanajeshi Wazungu waliotoka vitani walianza kugawiwa ardhi katika nyanda za juu za Kenya. Wazo kwamba Uingereza ina vijana wa ziada, na kwamba ziada hiyo inaweza kumwagwa mahali pengine duniani bila kuwauliza waliopo, lilikuwa likizungumzwa katika vyumba vya kulia vya namna hii hii.

Tangu nilipoandika "anahamisha" nimeanza kumwona mama huyu upya. Asubuhi nzima amepigana na barua ya kupeleka gazeti la *The Times*: ameanza, amechana, ameanza tena, ameshindwa. Ndiyo maana amewaita Hugh na Richard. Hugh anaandika, kwa mpangilio na herufi kubwa zenye duara pembezoni, na mawazo yaliyovurugika ya mwenyeji wake yanatoka yakiwa yamevaa suti. Lady Bruton anasikiliza na kujiuliza kama kweli maana yake mwenyewe inaweza kusikika hivyo. Katika pembe ya sebule yake anatunza picha ya Jenerali Sir Talbot Moore, aliyeandikia hapo, jioni moja ya miaka ya 1880, simu ya maandishi ya kuamuru majeshi ya Uingereza yasonge mbele. Lady Bruton alikuwepo, alijua, pengine alishauri. Kalamu ameiweka hadi leo.

Kalamu mbili, na zote ni za wanaume. Mwaka 1918 wanawake wa Uingereza waliotimiza miaka 30 na wenye sifa za mali walipata kura, na usawa na wanaume ulikuja 1928. Yeye yuko katikati, ana nguvu na hana mlango wa kuipitishia ila kupitia watu. Kwa hiyo nimepitia rasimu yote nikitafuta kila kitendo chake, na kila ilipowezekana nimekipa umbo la kusababisha: analisha, anaandikisha, anahamisha, na kwa kutikisa kichwa tu anamfanya mtumishi wake Perkins alete kahawa. Sikuongeza neno lolote ambalo halimo. Viambishi tu.

21 Aprili 2024: Rasimu iliyopotea

Naandika hili kwa faida ya wengine. Nilipeleka flashi katika duka la steshenari nikachapishe nakala tatu za rasimu ya pili, kurasa 19 kila moja, shilingi 200 kwa ukurasa, jumla 11,400. Nakala zilitoka salama. Nilipofika nyumbani flashi haikufunguka, na faili la masahihisho ya wiki mbili lilikuwa humo peke yake. Nakala za karatasi ndizo zilizoniokoa: nimeziandika upya kwa siku tano. Flashi mpya shilingi 15,000. Tangu leo kila faili linakaa mahali pawili, na rasimu ya kila Jumapili naituma kwenye barua pepe yangu mwenyewe.

Kuandika upya kumenifundisha jambo. Sentensi zilizokuwa zimekaa vizuri nilizikumbuka bila kutazama karatasi, na zile zilizonilazimu kutazama nimeziwekea alama. Karibu zote zilikuwa sentensi nilizozijenga kwa mfupa wa Kiingereza.

12 Mei 2024: Wasomaji wawili

Nimewapa rasimu ya tatu mwalimu wa sekondari wa Tanga na yule mama wa Unguja, kila mmoja kwa kifuta jasho cha shilingi 30,000. Wote wawili wamesema jambo lilelile kwa maneno tofauti: kwamba nimemfanya Lady Bruton kuwa wa kuchekwa. Mwalimu alipiga mstari chini ya kila neno la kejeli, na mengi hayakuwa ya Woolf, yalikuwa yangu. Niliandika "mama majenerali". Niliandika kwamba "alijitia" kuipenda nchi yake.

Nimerudi kwenye kipande cha sherehe, na aibu ilinishika, kwa kuwa pale Woolf anampa kitu kikubwa. Anasema kwamba kama kuna mwanamke aliyeweza kuvaa kofia ya chuma na kutupa mshale, kuongoza askari na kulala hatimaye chini ya ngao kanisani, sanamu ya jiwe isiyo na pua, basi ni Millicent Bruton. Kejeli imo, na hasa pale anapotajwa kuwa angewatawala washenzi kwa haki isiyoyumba, maneno ambayo msomaji wa kwetu hawezi kuyapita kwa wepesi na ambayo nimeyatafsiri yalivyo bila kuyalainisha. Lakini ndani ya kejeli hiyo mna heshima ya kweli. Pua iliyovunjika ni ya sanamu zote za kale makanisani. Umri umezila pua na kuziacha ngao. Sentensi hiyo inataja pia kwamba ana damuni maneno ya Shakespeare kuhusu kisiwa chao bila kuwa amemsoma Shakespeare. Nilifikiri kuazima sauti ya Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, lakini tamthilia yenye maneno hayo haimo katika alizozitafsiri, na kuazima sauti ya mtu kwa maneno ambayo hakuyaandika si uaminifu. Nimeyaandika kwa mizani nyepesi yangu mwenyewe.

Nimefuta maneno 23 ya kejeli. Kimebaki kiti: saa za usiku, Clarissa anapoingia katika chumba kidogo alimokuwa Lady Bruton na Waziri Mkuu wakizungumza habari za India, viti bado vimeshika umbo la miili yao, Lady Bruton akiwa amemgeukia mwenzake kwa unyenyekevu na Waziri Mkuu akiwa ameketi imara. Hapo sikubadili chochote tangu rasimu ya kwanza.

2 Juni 2024: Fimbo

Chakula kimekwisha, wageni wameondoka, Lady Bruton amelala kwenye sofa. Kabla hajazama usingizini anajiona tena Devonshire akiruka vijito juu ya farasi wake mdogo Patty, pamoja na kaka zake Mortimer na Tom. Mkono wake umekunjika kana kwamba umeshika kitu, fimbo ya amri kama waliyoshika babu zake, na kwa fimbo hiyo anaviongoza vikosi vinavyopiga mguu kwenda Kanada.

Niliandika "kifimbo", na wasomaji wote wawili wakamwona Mwalimu Nyerere. "Rungu" ingemleta Rais Moi. "Bakora" ina darasa na ina sheikh. Nimetumia "fimbo ya ujemadari", ambayo ni ndefu kuliko nilivyotaka, lakini inabaki mkononi mwake.

23 Juni 2024: Uzi

Rasimu ya nne imechapwa, nakala mbili za kurasa 21, shilingi 8,400. Vifurushi vya intaneti kwa miezi yote ni shilingi 20,000. Jumla ya mradi hadi leo ni shilingi 135,800, na alfajiri 97.

Nimeacha sentensi moja hadi mwisho. Richard na Hugh wanapotembea kutoka Brook Street, wanabaki wamefungwa kwa Lady Bruton kwa uzi mwembamba, kwa kuwa wamekula kwake, na uzi huo unavutika na kuzidi kuwa mwembamba kadiri wanavyokwenda, huku sauti ya kengele ikiulemea kama matone ya mvua yanavyoulemea uzi wa buibui. Nilikuwa nimeandika "utando wa buibui", ambao ni nyumba nzima, ilhali huu ni uzi mmoja. Nilikuwa nimeandika pia kwamba uzi "ulilegea". Mama wa Unguja hakuridhika. Alinionyesha kamba yake ya kuanikia nguo, mashuka mawili yakiwa yameanikwa katikati yakichuruzika maji, akaniuliza kamba ile imefanyaje. Haijalegea, alisema, bado imefungwa kote kuwili. *Imenepa*. Neno hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni na halikunijia hata mara moja katika miezi mitano.

Baada ya hapo wanaume wawili wanasita kwenye kona ya Conduit Street, wakitazama dirisha la duka, na katika dakika hiyohiyo uzi unakatika. Nimejaribu "uzi ulikatika", ambao unamtoa Lady Bruton katika jambo hilo, na "aliukata uzi", ambao unampa mkasi. Mama huyu siku nzima amefanya mambo kwa kuwafanyisha wengine, na usingizini pia yumo katika umbo lilelile: anauacha uzi ufanye wenyewe. Sharti langu la tarehe 25 Februari limevunjika hapa, mara mbili, kwa kuwa bila -ka- sentensi haikusimama. Matukio mawili, moja baada ya jingine, na baada yake kimya cha chumba. Ndivyo kurasa za chakula zinavyoishia katika nakala yangu: *akauacha uzi ukatike, akakoroma.*